Chaja Kutoka Binza

Baba alitoka nyumbani kwangu Bariadi asubuhi ya mvua, amevaa shati jeupe la mikono mirefu na kandambili za mke wangu. Mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Aliporudi ndani na beseni, kiti cha baba kilikuwa kitupu na geti limeachwa wazi. Akagonga mlango wa choo, akaita, akazunguka nyumba, kisha akatoka barabarani kuuliza kila aliyepita. Mimi nilikuwa darasani. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa mjini, na simu yangu huwa naizima sauti wakati wa kipindi, lakini siku ile ilitetemeka mfululizo mpaka wanafunzi wakaanza kuitazama. Nilipopokea, mke wangu hakunisalimia. Alisema tu, "Baba watoto, mzee simwoni."

Baba ni mtu wa Nkololo. Maisha yake yote alilima pamba na kufuga, na baada ya mama kufariki nilimleta mjini akae nasi kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Mwanzo alisahau majina ya wajukuu. Baadaye akawa anasahau kama amekula. Ikafika wakati akawa anaamka alfajiri na kutafuta fimbo ili akafungulie ng'ombe ambao tuliwauza zamani. Hakuwa mkali wala msumbufu. Alikuwa tu mtu anayetaka kwenda nyumbani, na nyumbani kwenyewe hakukuwa tena mahali unapoweza kumpeleka kwa pikipiki.

Tulimtafuta kutwa nzima ndani ya mvua. Tuliripoti polisi. Padri alitangaza kanisani kwenye misa ya jioni, redio ya hapa mkoani ikatoa tangazo, na mimi nikaituma picha yake kila mahali nilipoweza: kundi la walimu, kundi la kwaya, kundi la waendesha bodaboda, kundi la niliosoma nao. Ilikuwa picha ya Krismasi, baba amekaa na sahani ya pilau magotini, anatazama pembeni. Chini yake niliandika namba yangu. Niliandika namba moja tu, ili watu wasichanganyikiwe. Wakati ule niliona nimefanya jambo la busara.

Simu ikaanza kuita na haikukoma. Mmoja alimwona sokoni, mwingine kwenye ginari, kiwanda cha kuchambua pamba, mwingine alimwona akipanda basi la Mwanza. Wengine walipiga kunipa pole tu na kuniuliza ilikuwaje, nami sikuthubutu kumkatia mtu, kwa kuwa kila aliyepiga angeweza kuwa ndiye aliyemwona. Kufika jioni betri ilikuwa inapumulia puani, na usiku ule upepo ukaangusha nguzo za umeme upande wetu. Kuanzia hapo umeme ulikuwa unakuja kwa kubipu, unawaka muda wa kuchemsha chai na kukatika tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuihesabia chaja yangu makosa ambayo sikuwahi kuyaona. Ile simu niliinunua kwa mtu, bila boksi na bila chaja. Ilikuwa simu nzuri, ya aina ileile aliyonayo dada yangu mkubwa anayeishi Binza, kule Maswa. Yeye alinunua yake dukani ikiwa na kila kitu. Mimi nilikuwa naichaji kwa kichwa cha chaja cha simu yangu ya zamani, kidogo kama kiberiti, na waya niliouokota nyumbani. Nilikuwa naichomeka nikienda kulala na kuichomoa alfajiri, na maadamu alfajiri ilikuwa imejaa, sikuwa na sababu ya kujiuliza imechukua saa ngapi. Sasa umeme ulikuwa unakuja kwa dakika chache, na kila ulipokuja nilikimbilia soketi, nikachuchumaa pale nikiitazama ile namba ya asilimia kama mtu anayetazama mtungi unaojazwa kwa kijiko. Ilipanda mbili, tatu. Simu moja ya mtu wa kunipa pole ilizimaliza zote.

Asubuhi ya pili nilikwenda stendi, kwenye kibanda cha vifaa vya simu. Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu ambaye tayari alikuwa ameliona tangazo. Alinipa pole, akaniuliza habari za mzee, ndipo akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka chaja inayoingiza haraka kuliko zote alizonazo. Akanitolea kichwa cheupe, kizito kidogo, kimeandikwa kwa mbele kwa tarakimu kubwa kwamba ni cha wati sitini na tano, pamoja na waya wake. Akasema ni fasti chaji na inakubali simu zote. Sikumwuliza zaidi. Nililipa, nikaondoka mbio, maana kuna mtu alikuwa amepiga kutoka Nkololo.

Yule mtu wa Nkololo alisema kuna mzee amelala kwenye ukumbi wa nyumba iliyohamwa, karibu na kilipokuwa kiwanja chetu. Nilichukua bodaboda. Barabara ilikuwa tope tupu, tulishuka na kusukuma mara kadhaa, na njia nzima moyo wangu ulikuwa unasema ni yeye, kwa sababu angekwenda wapi kwingine? Nilikwishapanga hata maneno ya kumwambia. Tulipofika, mzee alikuwepo, na hakuwa baba. Alikuwa mpita njia aliyejikinga mvua, akatusalimia vizuri kabisa, "Mwangaluka," akauliza kama tuna tumbaku.

Nilikaa kwenye ule ukumbi. Mwenyeji mmoja aliyekuwa na sola alinionea huruma, akaniruhusu nichaji kwake. Nikachomeka ile chaja mpya kwenye inveta yake ya sola. Simu ikaonyesha alama ya chaji, na chini yake maneno madogo: inachaji polepole. Nilidhani nimechomeka vibaya. Nikachomoa, nikageuza waya, nikachomeka tena. Polepole. Ndipo nilipokigeuza kile kichwa na kusoma maandishi ya nyuma, yale madogo yanayohitaji mwanga wa kutosha. Volti tano, ampea mbili. Tano mara mbili ni kumi, hilo hata mtoto anajua. Sitini na tano ya mbele ilikuwa pambo.

Nafundisha mambo haya. Ubaoni huwa naandika kwamba nguvu ni volti mara ampea, na wanafunzi wanakokotoa na kupata vema. Tena najua kwamba chaji ya haraka ni makubaliano ya vitu vitatu: simu, kichwa na waya. Unapochomeka, kichwa na simu huulizana kwanza. Simu inauliza, unaweza kunipa kiasi gani? Kama kichwa hakijui lugha ya simu ile, au waya ni mwembamba mno kupitisha kinachoahidiwa, vyote vitatu vinarudi kwenye kiwango cha chini kabisa, kile cha usalama, na vinabaki hapo. Haitokei cheche wala kelele. Inachaji tu, polepole, na mtu asiye na haraka hatagundua kamwe. Najua haya yote, na ujuzi wangu haukuwa na faida yoyote pale ukumbini, kwa sababu sikuwa na kichwa wala waya wa kuufanyia kazi.

Nikiwa bado pale, simu ikapata joto. Ikawa ya moto hata mkononi, ikaandika kwamba imesitisha kuchaji mpaka ipoe. Kisha ikazima.

Nilirudi Bariadi nikiwa sipatikani. Sijui kama kuna neno lililowahi kunitesa kama hilo. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, naona mashamba ya pamba yamejaa maji, na kichwani nasikia ile sauti ya mashine ikimwambia mtu mwenye habari za baba kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Nyumbani mke wangu alikuwa na kitochi chake, kile cha tochi na vibonye. Tukaihamishia laini yangu humo. Laini ilikuwa ndogo kuliko tundu, tukaiegemeza kwa kipande cha kadi ya kliniki ya mtoto ili isicheze. Ikashika mtandao. Nilipumua, kwa kuwa kitochi kinaweza kukaa na chaji hata siku kadhaa, na walau sasa watu wangenipata.

Mchana ule akapiga mwanamume ambaye sikumjua. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, akaniita ndugu. Alisema yeye ni mwenyekiti wa kitongoji kimoja upande wa Itilima, na kwamba mto wao umefurika, na asubuhi vijana wamemkuta mzee kwenye maji, amenasa kwenye matete. Alikuwa ameshakufa. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu.

Nilimwuliza viatu. Akasema hakuwa na viatu. Nilimwuliza amefananaje, akasema maji yalikuwa yamembadilisha, lakini ameona tangazo langu na amenitumia picha ya uso kwenye WhatsApp.

"Iangalie, ndugu yangu," alisema. "Kama ni wenu, njooni mapema. Hatuna pa kumweka."

Nilitaka kumwambia aitume kwa namba nyingine, ya jirani, ya mwalimu mwenzangu, ya yeyote. Nilikuwa nimefungua kinywa. Simu ikakatika, na nilipompigia, yeye ndiye akawa hapatikani. Nilimpigia tena na tena. Huko nako labda mnara ulikuwa umekosa umeme, au simu yake ilikuwa imezima kama yangu. Barabara ya kwenda kwao ilikuwa imekatika, bodaboda walishaniambia. Kwa hiyo picha ilikuwa imetumwa, iko mahali fulani hewani, inaisubiri simu yangu iwake. Na simu yangu ilikuwa mezani, nyeusi, baridi kama kigae.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia upande wangu wa mazungumzo. Aliingia chumbani kwa baba, nikamsikia anatandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa.

Nilimpigia dada Binza. Alikuwa amenuia kuja kesho yake, akisubiri mtu wa kumwachia duka. Nilimwambia aje sasa hivi, na aje na chaja yake.

"Baba amepotea, wewe unaniambia chaja?"

Nikamweleza habari ya mto. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Nikamwambia alete kichwa na waya, vyote viwili, vile vilivyotoka kwenye boksi la simu yake, asibebe waya wa mtoto wala wa jirani, kwa sababu kimoja kikikosekana ni sawa na kutoleta kitu. Nilirudia maneno hayo kama mwendawazimu. Akasema, "Nimeelewa, mdogo wangu. Nachomoa ukutani sasa hivi."

Nikaenda kumsubiri kwenye gesti moja jirani na stendi yenye jenereta. Mwenye gesti, mama mtu mzima, alinionyesha soketi ya mapokezi lakini akanitahadharisha kwamba mafuta yamebaki kidogo na akimaliza kupandisha maji kwenye tangi anazima. Nikachomeka ile chaja yangu ya wati sitini na tano za uongo. Baada ya muda mrefu simu ikawaka. Ikaonyesha nembo, ikaonyesha saa, ikaonyesha asilimia moja. Nilikuwa nimeshairudishia laini, na ilipogusa mtandao tu, ujumbe wote wa tangu asubuhi ukaanza kumiminika kwa pamoja. Niliona jina la kundi la kwaya likipita. Niliona namba ngeni. Kisha kioo kikawa cheusi, maana ilikuwa inatumia zaidi ya ilichokuwa inapewa.

Ikajikusanya tena. Ikawaka tena, ikazima tena. Nilijua nilichopaswa kufanya, kuiacha imezimwa itulie ijae walau kidogo, na sikuweza. Kila ilipoonyesha dalili ya uhai nilikuwa nimeshaishika. Sijui niseme nilikuwa naomba nini. Kuna dakika niliomba iwake. Kuna dakika nyingine niliomba isiwake kabisa, kwa sababu kabla haijawaka baba hakuwa amekufa. Na katikati ya hayo, jambo linalonitia uchungu mpaka leo, akili yangu ilikuwa inapanga mazishi. Nilikuwa nafikiria azikwe Nkololo karibu na mama, nafikiria gari lipitie njia ipi kwenye tope lile, nani wa kuchimba. Nilishamzika, nikiwa nimekaa kwenye kochi la mapokezi.

Basi kutoka Maswa lilichelewa sana. Dada alipoingia, gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini na mkoba ameukumbatia kifuani. Hatukusalimiana. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa kukiwa na mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kichwa na waya. Kichwa kilikuwa kizito, na tundu lake lilikuwa la duara bapa, lile la Taipu C, si lile la mstatili nililozoea. Waya ulikuwa mnene, ncha moja sawa na nyingine. Nikachomeka.

Kioo kikawaka na duara dogo likazunguka, na maneno yakatoka: inachaji kwa haraka. Asilimia ilianza kupanda huku tunaiona. Sikuwahi kuiona simu yangu ikifanya hivyo. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na kila tarakimu ilipobadilika vidole vyake vilikaza. Nilijilazimisha kungoja mpaka iwe na nguvu ya kusimama yenyewe. Jenereta iliendelea kunguruma nyuma ya nyumba, na sote wawili tulikuwa tunaisikiliza.

Nilipoiwasha ujumbe ukaingia kwa wingi, na safari hii simu haikuzima. Namba ya mwenyekiti ilikuwa juu. Picha ilikuwa na ukungu, ikisubiri kuguswa. Kidole changu kikagoma. Dada akaichukua simu bila kuichomoa, akainama karibu na soketi, akafungua.

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Si yeye," alisema. "Pua si yake. Njoo uone mwenyewe."

Nikatazama. Alikuwa mzee kama baba, mwembamba kama baba, kinywa kimefunguka kidogo, na hakuwa baba. Nilifurahi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimtazama marehemu wa watu nikafurahi mpaka machozi yakanitoka, na dada akakaa sakafuni, gauni lake lenye tope, akafunika uso kwa mtandio.

Ndipo nikaona picha nyingine, chini kabisa, kwa namba nisiyoijua. Hiyo haikuwa na haja ya kukaziwa macho. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga ya mtu imemfunika mabega, na nyuma yake dagaa wameanikwa kwenye nyavu. Chini yake paliandikwa: Shikamoo kaka. Huyu mzee yuko kwangu huku Lamadi, kaletwa na gari la dagaa lililopita tupu kutoka Bariadi. Nimempa uji. Anasema anasubiri ng'ombe wavuke. Naomba upige wewe, mimi sina salio nina bando tu.

Ujumbe ule ulitumwa jana yake jioni, ukafunikwa na pole za watu ambazo sikuwa nimezifungua. Ulikuwepo wakati wote. Ulikuwepo nilipokuwa nasukuma pikipiki kwenye tope la Nkololo, ulikuwepo nilipokuwa namzika kichwani mwangu.

Nilimpigia palepale, simu ikiwa bado ukutani. Mama yule wa Lamadi alipokea upesi. Nilianza kumshukuru, akanikatiza, sauti yake imejaa wasiwasi. Alisema mzee alilala kwake vizuri, asubuhi akanywa chai, na baadaye yeye mama alipokwenda kupokea mzigo wa dagaa na kurudi hakumkuta. Walikuwa wanamtafuta mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, yeye na wenzake, tangu asubuhi.

Nyuma ya nyumba jenereta ikazimwa. Dada aliyasoma yote usoni kwangu, akainuka kutoka sakafuni, akachomoa chaja ukutani na kuirudisha kwenye mkoba. "Twende," alisema.

Mwalimu mwenzangu mwenye gari dogo alitupeleka. Simu ilikuwa na nusu ya betri, na ndani ya gari dada aliichomeka kwenye chaja ya gari, ile ya tundu la kuwashia sigara. Ikaandika polepole, lakini iliweza kujishikilia. Yule mama alinitumia ramani ya mahali alipo, ile inayotembea, nikawa naona kidoto chake kikienda na kurudi kandokando ya ziwa. Aliendelea kunipigia kwa WhatsApp. Hajaonekana sokoni. Hajaonekana stendi. Mara ya mwisho alisema kuna watoto wamemwona mzee akifuata ukingo wa maji kuelekea upande wa mbugani. Kila mtu wa huku anajua kilichopo upande ule, viboko wanaopanda kula majani na fisi wanaovuka kutoka hifadhini.

Tulifika jua likiwa bado lipo. Yule mama wa dagaa alikuwa mwembamba, amejifunga kanga kiunoni, miguu yake imejaa magamba ya samaki. Hakupoteza muda kujitambulisha. Alitangulia, tukamfuata kwenye mchanga, kisha kwenye matope, kisha kwenye majani yanayofika kiunoni. Niliona shati lake kwanza. Baba alikuwa ndani ya ziwa, maji yamepita magoti, ameshika tete mkononi kama fimbo, akiwapigia ng'ombe mluzi. Mbele yake hapakuwa na kitu ila maji.

Nilitaka kukimbia. Dada akanishika mkono kwa nguvu, akanibakiza palepale, kwa sababu baba alikuwa karibu na mahali ambapo ukingo unakatika ghafla, na akishtuka angeweza kurudi nyuma akatumbukia. Yeye akavua viatu, akaingia majini taratibu kama mtu anayekwenda kuteka.

"Mwadila, baba," alimsalimia.

Baba akageuka na kuitikia. Hakushangaa.

"Ng'ombe wameshavuka," dada akamwambia kwa Kisukuma. "Wameingia zizini."

"Wote?"

"Wote."

"Na yule ndama mweusi?"

"Na yeye. Mimi mwenyewe nimemwona."

Baba alitazama maji tena, akifikiri. Kisha akalitupa lile tete na kumpa dada mkono, wakatoka.

Alikuwa anatetemeka na kifua kinakoroma. Tulimvalisha koti la mwalimu mwenzangu, tukamweka kiti cha nyuma katikati yetu. Yule mama alikataa kitu chochote tulichojaribu kumpa. Alisema tu tukifika tumtumie ujumbe, atausoma. Njiani baba aliniangalia kwa makini, muda mrefu, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lake, jina lake mwenyewe. Akatikisa kichwa akakubali. Alisema anamfahamu mtu huyo, ni mtu mwema, ana ng'ombe wengi, na nikifika nimsalimie.

Alilazwa kwa homa ya mapafu. Kuna siku madaktari walitwambia tujiandae, na tukajiandaa kwa mara ya pili. Akapona kwa kiasi cha kurudi nyumbani, ila si kwangu. Dada alimchukua Binza, ambako nyumba imezungushiwa ukuta na yeye anashinda dukani mlangoni. Tangu siku ile ya maji hajatamka tena habari za ng'ombe. Hatamki mengi ya aina yoyote. Nikienda kumwona ananipisha kwenye benchi kwa adabu, kama mgeni anayempisha mgeni mwenzake, na tunakaa.

Wiki moja baada ya kumpata, nilimpigia yule mwenyekiti wa Itilima. Nilikuwa nimeahirisha kila siku. Nilimwambia kwamba yule mzee hakuwa wetu, na kwamba wetu tulimpata. Akamshukuru Mungu, akauliza hali ya mgonjwa, akanitakia heri. Nilimwuliza kama kuna watu waliojitokeza kumchukua yule marehemu. Akasema hapana, picha aliwatumia wengi, hakuna aliyerudisha jibu. Walimsubiri kadiri walivyoweza, kisha kijiji kikamzika pale mwinukoni, juu ya mto.